Je, mzee aliyeinama katika hekalu la Kijapani aliikana imani?

Dada yetu aliyeolewa Seoul anauliza kuhusu marehemu baba wa mama mkwe wake, mzee wa kanisa aliyeinama katika hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, wakati wa vita, Japani ilipoitawala Korea. Mama mkwe anasema ilikuwa heshima kwa serikali tu. Wenzake dada huyo katika maombi wanasema ukoo huo umelaaniwa.

Dada mpendwa, nakuomba usiyapokee yote mawili.

Dai la "heshima tu" lilienezwa na watawala wa kikoloni wa Kijapani wenyewe, ambao tangu 1937 waliwakaririsha hata watoto wa shule kiapo cha kuwa raia wa Mfalme wa Japani, na mwaka 1940 wakawashurutisha Wakorea kuchukua majina ya Kijapani. Kama hekalu lao la mlima Namsan, Seoul, halikuwa la ibada, Amaterasu, mungu wa kike wa jua, aliwekwa humo kwa ajili gani? Ni kweli kwamba Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri wa Korea, uliokaa Pyongyang Septemba 1938, ulitamka kuwa kuinama si ibada; lakini polisi walikuwa wameketi katikati ya wajumbe, na mwenyekiti aliwauliza wanaokubali, asiwaulize wanaokataa. Azimio lililopatikana hivyo haliifungi dhamiri ya mtu, na kanisa lenyewe lililifuta mwaka 1954. Mchungaji Ju Gi-cheol alikataa kuinama hadi akafia gerezani Aprili 1944. Anayesema ilikuwa heshima tu anamfanya shahidi huyo mkaidi aliyekufa bure, nami siwezi kulikubali hilo.

Wengine humtaja Naamani wa Biblia, jemadari wa Shamu, aliyeinama katika nyumba ya mungu Rimoni. Lakini Naamani aliliombea msamaha jambo hilo, na hakuna aombaye msamaha pasipo kosa, naye nabii Elisha akamwambia, "Enenda kwa amani." Kwa hiyo mzee huyo alikosea, ila hakuwa mwasi. Petro alimkana Bwana mbele ya kijakazi, akakabidhiwa kondoo. Sembuse baba wa watoto aliyebanwa na polisi?

Kuhusu laana, Ezekieli 18 imekwisha kuamua kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Usikubali maombi ya kukemea ukoo wa mumeo.

Mama mkwe wako usimwendee na hoja hizi. Huenda hayo maneno ya "heshima tu" aliyapokea kwa baba aliyeshindwa kuikabili aibu yake. Muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani, umsikilize hata akirudia yale yale, na siku atakapotaka kumlilia, lia naye.