Seli za ubongo mwezi wa nane wa mimba?

Dada, umeuliza kama wifi yako wa Mbagala, mwenye mimba ya miezi minane, akinywa supu ya pweza kila siku mtoto ataongezeka seli za ubongo. Ale pweza akimpenda, ila idadi ya seli haibadiliki kwa hilo. Seli nyingi za neva za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huwa zimeshazaliwa kufikia katikati ya mimba.

Hazizaliwi pale zinapokaa. Zinaanzia ndani kabisa, kandokando ya vishimo vyenye maji katikati ya ubongo, kisha zinapanda nje zikifuata seli ndefu za glia, ambazo ni seli saidizi za ubongo. Ni kama ghorofa la Kariakoo ambalo wapangaji wa kwanza hukaa chini, na kila anayekuja anawapita kwenda juu. Mtafiti wa ubongo Pasko Rakic alilionyesha hilo kwa nyani aina ya rhesus mwaka 1974: mimba yao huchukua siku kama 165, na seli za gamba la kuonea, yaani sehemu ya gamba inayoshughulikia kuona, huzaliwa takriban kati ya siku ya 40 na ya 100. Baada ya hapo, basi.

Miezi ya mwisho kazi ni kuunganisha seli na kukunja gamba, ambalo mwanzoni ni laini bila mikunjo. Kwa hiyo chakula bora bado kina maana, na kliniki asiache. Foliki asidi, ambayo ni vitamini, ndiyo ya kuwahi, hata kabla ya kushika mimba, maana mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa.