Kabla ya kununua matairi mapya ya kwadi, soma yale ya zamani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba kwadi yako (pikipiki ya magurudumu manne) inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne imefikisha takriban kilomita 7,000, matairi yake ya inchi 25 yamebaki vipara, na usukani umeanza kutetemeka kwenye njia za mawe na mizizi. Unataka kujua kama mashine bado inastahili kununuliwa matairi mapya, na kama ni busara kupanda hadi matairi ya matope ya inchi 27. Nitayajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu nimejifunza kwa gharama yangu kwamba tairi lisilofaa huimaliza mashine nzima polepole, na mashine iliyolegea humaliza tairi jipya kwa miezi michache.

Usiyatupe matairi ya zamani kabla hujayachunguza. Tairi lililolika katikati huku kingo zikiwa nzima limeendeshwa likiwa na upepo mwingi. Lililolika kingo zote mbili limekosa upepo. Na lililolika upande mmoja, likawa na meno yanayokwaruza kama msumeno unapopitisha kiganja, linakuambia kwamba magurudumu ya mbele hayakunyooka au kuna kiungo cha usukani kilicholegea. Matairi ya nyuma kuwahi kwisha si jambo la kukutisha. Kwadi nyingi hazina difu (gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti) kwenye ekseli ya nyuma, hivyo magurudumu yote mawili huzunguka kwa kasi moja hata unapokata kona, na kwenye ardhi ngumu lazima moja likwaruzike.

Kisha inua sehemu ya mbele kwa jeki, ushike gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ama beringi imekwisha ama boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshikilia gurudumu) imelegea. Lishike tena kulia na kushoto. Likicheza upande huo tu, angalia viungo vya mwisho vya fimbo za usukani. Nashuku kutetemeka ulikoeleza kunatoka hapo, na hakuna tairi litakaloondoa tatizo hilo. Kagua pia buti za mpira zinazofunika viungo vya ekseli, kwa maana buti ikichanika grisi hutoka, mchanga huingia, na kiungo kizima hufa muda mfupi baadaye. Kilomita 7,000 si uzee kwa mashine iliyotunzwa. Ikiwa injini inavuta vizuri, fremu haina nyufa na vipuri vilivyolegea ni hivyo vya kubadilishika, mimi ningeitengeneza bila kusita.

Sasa nije kwenye inchi 27, mahali ambapo nilikosea mwenyewe. Niliwahi kutoa matairi ya inchi 25 yaliyokuja na kwadi yangu nikaweka ya matope ya inchi 27, yenye meno marefu kupita inchi moja, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba hakuna kingine kinachohitaji kubadilishwa. Kwenye tope zito yalifanya kazi nzuri mno, na sitayanyima sifa hiyo. Lakini siku za tope zito zilikuwa chache, na siku za mawe, mizizi na udongo mkavu zilikuwa nyingi. Kwenye njia hizo usukani ulikuwa mzito, mashine ilitetemeka hata kwenye mwendo wa wastani, na nilipoegemea kwenye kona juu ya jabali meno yale marefu yalijikunja chini yangu. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimebadilisha beringi mbili za mbele na boljointi moja, na mkanda wa gia za kujiendesha ulikuwa umeungua kwenye mlima ambao hapo awali niliupanda bila shida.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Tairi la inchi 25 husogea karibu mita 2 kwa kila mzunguko, na la inchi 27 karibu mita 2.15, yaani asilimia 8 zaidi. Ni sawa na kuipandisha gia ya mashine kwa asilimia 8 bila kuiongezea nguvu, kwa hiyo mkanda huteleza na kupata joto pale pale unapopanda polepole ukiwa na mzigo. Kipimo cha mwendo nacho, kwenye mashine inayopima mzunguko wa ekseli au gia, kitakuonyesha 50 wakati unakwenda 54. Na faida unayoipata ya kuinuka kutoka ardhini si inchi 2 kama wengi wanavyodhani bali ni inchi 1, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Uzito ulioongezeka hauchukuliwi na springi. Unaning'inia moja kwa moja kwenye beringi na boljointi, na kila jiwe unalogonga hupeleka pigo lake huko.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kubaki na kipimo cha kiwandani na kuchagua tairi kwa ajili ya njia unayopita siku nyingi, si kwa ajili ya shimo moja la tope linalokusumbua mara mbili kwa mwaka. Kipimo kimeandikwa ubavuni: 25x8-12 maana yake ni kimo cha inchi 25, upana wa inchi 8 na rimu ya inchi 12, na palipoandikwa R badala ya kistari ni tairi la rediali, yaani lile ambalo nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Rediali hulalia ardhi vizuri zaidi na kupunguza mitikisiko, na kama fedha inaruhusu ningelichukua kwa safari ndefu. Meno yawe ya kimo cha kati, yaliyokaribiana katikati ya tairi ili litulie kwenye ardhi ngumu, na yaliyoachana na kupanda begani ili lijisafishe tope na kushika kwenye mifereji ya njia.

Kwa njia ya mawe, jambo ninalolipa uzito kuliko muundo wa meno ni ubavu. Namba ya plai, iwe 4, 6 au 8, ni daraja la uimara, na si lazima iwe idadi halisi ya matabaka ndani ya tairi. Niliwahi kupasua ubavu wa tairi la plai 4 kwenye jiwe lenye ncha nikiwa mbali na msaada wowote. Pancha ya usoni huzibwa kwa kijiti cha mpira ndani ya dakika chache bila kulitoa tairi, lakini ubavu uliochanika hauna kiraka cha kuaminika. Tangu hapo natumia plai 6. Ni kweli kwamba ni nzito kidogo na ngumu zaidi kwa mgongo. Ya plai 8 nimeijaribu pia, nikaona ukakamavu wake umezidi mahitaji ya mtu asiyebeba mizigo mikubwa.

Nunua yote manne kwa pamoja. Kwenye kwadi inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne uwiano wa kimo cha mbele na cha nyuma umepangwa kulingana na gia zake. Tairi lililolika milimita 12 za meno limepungua milimita 24 za kimo, karibu inchi nzima, na ukilichanganya na jipya kisha ukaendesha magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu, sehemu za mbele na za nyuma zitavutana na mvutano huo utabebwa na gia na ekseli. Kabla ya kulipa, tazama pia tarakimu nne za tarehe ambazo matairi mengi huwa nazo: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Kuhusu upepo nakuomba uwe makini kuliko ulivyozoea kwenye gari. Honda ilipotoa US90 ya magurudumu matatu mwaka 1970, haikuwa na springi kabisa. Matairi yake makubwa laini ndiyo yaliyofyonza mitikisiko yote, na hadi leo tairi la kwadi limebaki sehemu ya mfumo wa springi. Kwadi nyingi huhitaji psi (kipimo cha upepo wa tairi) 4 hadi 7 tu, kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko chake. Geji ya gari haiwezi kusoma viwango hivyo kwa usahihi, kwa hiyo nunua ya upepo mdogo. Kosa la psi 2 kwenye gari ni dogo, ila kwenye tairi la psi 5 ni karibu nusu ya upepo wote. Ukizidisha, mashine itarukaruka juu ya mizizi na shokomzoba zitachoka mapema. Ukipunguza mno, tairi litachomoka kwenye rimu au rimu yenyewe itapinda.

Wakati wa kufunga, fuata mshale wa mwelekeo wa mzunguko, paka kingo maji ya sabuni ili zikae kwenye rimu, na usipitishe kamwe kikomo cha upepo kilichoandikwa ubavuni, kwa sababu tairi likipasuka hapo linaweza kumuua mtu. Anza na boljointi na fimbo za usukani, pima kama magurudumu ya mbele yamenyooka, kisha ndipo uweke matairi ya inchi 25 ya plai 6. Nati zikaze kwa mtindo wa msalaba kufikia kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza, tairi likiwa limepoa na upepo umeupima upya.