Msaidizi wa Picha za Harusi: Nimchukue Nani?

SWALI: Mimi ni kijana wa Likoni, napiga picha za harusi. Mwezi ujao nina nikaha msikitini Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, kisha usiku kuna kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ukumbini. Binamu yangu wa kiume ana kamera nzuri na yuko tayari kunisaidia. Nimchukue?

JIBU: Mwanangu, huyo binamu na akushikie taa kwenye nikaha. Kupamba ni shughuli ya wanawake, yeye hapiti mlangoni, wala wewe. Tafuta binti anayeijua kamera, umkutanishe mapema na mama wa bibi harusi, maana nyumba nyingine hazitaki picha hata moja.

Kadi za kamera ziwe zako, na mama mwenyewe aamue nani azishike usiku huo. Picha ya bibi harusi bila buibui ikivuja, hutapata kazi tena kisiwani. Yalinifika: msaidizi wangu alizihamishia kwenye simu yake, ati aonyeshe kazi. Nilitoka jasho.

Malipo mpatane kabla, nauli mbali. Chakula pia, biriani usiitegemee, mara nyingi mpiga picha hukuta ukoko. Na feri, vukeni mapema!