Simu ya Bure Iliyonila Milioni Nne

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Mwanza aliniandikia inboksi. Dada yake yuko Texas, na alimpa mtu aliyekuwa anakuja likizo amletee iPhone. Simu safi, na boksi lake. Kaweka laini, simu ikamwambia laini hiyo haikubaliki. Kaazima laini ya mtandao mwingine, jibu lile lile. Mafundi watatu wameshaishika, mmoja wao kamla elfu arobaini. Mwishoni akauliza: "Dada, au hii simu ni ya wizi?"

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilo niliulizwa na mama yangu mzazi, sebuleni kwake Tanga, mbele ya mashangazi. Kwa hiyo kaka, jibu lako lipo, ila itabidi uvumilie kwanza nisimulie yangu.

Nilifika Columbus, Ohio, mwanzoni mwa 2022. Miezi ya kwanza nilitumia simu niliyotoka nayo nyumbani, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Julai mwaka huo, nilipopata kazi ya kueleweka ya kutunza wazee, niliingia duka la kampuni moja kubwa ya simu. Jina sitalitaja, sina hela ya wakili. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu kama mpiga debe wa stendi. Akaniambia kuna ofa: nunua iPhone 13 moja, ya pili bure. Mimi hapo hapo nikamwona mama. Nikamwona anaitoa kwenye mkoba msibani, wenzake wanaulizana.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kusikia maneno mazuri na kuyaruka mabaya. "Bure" nililisikia vizuri sana. Yale mengine yalikuwa kwenye kioo cha tableti, nikawa nasaini kwa kidole kila aliponionyesha. Miezi 36. Laini mbili, maana simu ya pili ilikuwa "bure" mradi uiongezee laini yake. Siku ile ile nikalipa karibu dola 190 kabla sijatoka mlangoni: kodi ya Ohio inakatwa kwenye bei kamili ya simu zote mbili, na ile ya bure imo, halafu kuna ada ya kuunganisha kila laini. Nilitoka na mfuko mzuri wa karatasi, natembea kama bibi harusi.

Sasa niwafafanulie wale ambao hawajawahi kuishi huku, maana sisi hatukulelewa na kitu hiki. Simu ya Kariakoo unaitoa kwenye boksi, unachomeka laini mbili za mitandao tofauti, maisha yanaendelea. Kitu pekee nilichokuwa nimewahi kukiona kimefungwa mtandao ni zile modemu za intaneti za enzi za chuo, nazo zilikuwa na vijana wao wa kuzichakachua kwa hela ya chipsi. Huku Marekani simu yenyewe inakuwa na kufuli la mtandao. Kwa kampuni kama ile yangu, ukiichukua kwa mkataba, mpaka deni liishe haikubali laini ya kampuni nyingine, iwe ya Ohio au ya Tanga. Na neno "bure" maana yake ni hii: bei ya simu, dola 799, inagawanywa kwa miezi 36, kila mwezi wanakudai dola 22 na senti kadhaa, na mwezi huo huo wanakurudishia kiasi hicho hicho kama punguzo. Ukihama kabla ya wakati, punguzo linakufa na deni lililobaki unalibeba wewe.

Hayo yote nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua nina simu mbili.

Miezi kumi na saba nikaiweka ile ya pili kwenye boksi lake, chini ya nguo, nasubiri nipate nauli ya kwenda nyumbani. Laini yake iko hewani, haimpigii mtu, nailipia dola 45 kila mwezi. Niliambiwa nikiikata, ofa inakufa. Nikawa nalipia ukimya.

Desemba 2023 nikaenda. Siku ya pili, baada ya chakula, nikamkabidhi mama boksi mbele ya watu. Vigelegele. Binamu yangu akachukua laini ya mama kwenye kitochi chake, akaichomeka. Simu ikawaka, ikafikiri, ikakataa. Tukajaribu laini ya binamu. Ikakataa. Shangazi mmoja akasema labda inataka lugha ya kwao.

Mama hakucheka. Mwaka 2016, mwezi Juni, TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, walipozima simu bandia nchi nzima, ya kwake ilikuwamo. Aliinunua kwa hela yake ya vitumbua na ikazimika hivi hivi, akabaki anaitazama. Kwa hiyo aliposikia neno "imefungwa", akaniangalia, akaniuliza taratibu kwa ile sauti yake ya mambo mazito: "Mwanangu, hii umenunua, au?"

Ile "au" bado iko kifuani kwangu.

Nikabonyeza *#06#, nikachukua zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu, nikazituma kwa simu ya binamu kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likaja kwamba simu ni halisi. Nikamwonyesha mama. Akasema, "Kama halisi, mbona haiongei?" Kesho yake tukaenda Ngamiani, Barabara ya 12, kwa fundi. Kijana mstaarabu, akanikaribisha: "Karibu dada, hiyo ya Marekani hiyo, naijua." Akatoa kile kikaratasi chembamba wanachokiita R-SIM, kinakaa chini ya laini na kuidanganya simu. Elfu thelathini. Ikashika mtandao! Mama akampigia mdogo wake Pangani, wakazungumza mpaka salio likaisha. Siku ya sita simu ikajisasisha yenyewe usiku, asubuhi ikaamka imekumbuka kwao.

Usiku huo nikawapigia wale wa kampuni kwa wifi ya jirani. Tanga saa tano usiku, Ohio saa tisa alasiri. Baada ya muziki mrefu akaja dada mmoja mpole, akanieleza njia ni mbili. Nilipe deni lote lililobaki kwenye simu hiyo, zaidi ya dola 420, na punguzo likome hapo hapo, halafu niombe ifunguliwe. Au ningoje Julai 2025. Nikamuuliza, "Dola 420 za simu ya bure?" Akasema anaelewa hisia zangu. Mimi wakati huo hela yote imeishia kwenye harusi ya mdogo wangu, nimebakiwa na ya teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa Columbus.

Kabla sijaondoka nilimnunulia mama Tecno, shilingi 350,000, hapo hapo Ngamiani. Akaishika siku ile ile na hakuuliza chochote.

Hesabu niliifanya kwenye ndege, nyuma ya karatasi ya kutapikia, maana ndiyo iliyokuwepo. Dola 45 mara miezi 36 ni dola 1,620. Zaidi ya shilingi milioni 4 kwa dola ya wakati ule, kwa laini isiyopiga na simu isiyoshika. Siku ile Julai 2022, simu hiyo hiyo, isiyo na kufuli, ilikuwa inauzwa na Apple wenyewe kwa dola 829. Yaani ya bure ilikaribia bei ya mbili. Wenye hesabu zenu msiniandikie kwamba nimesahau yale makato ya kodi. Nimeyasahau makusudi, yananiumiza.

Binamu yangu mwingine yuko Toronto, na nilipomsimulia akadhani natunga. Kanada walikataza simu zenye kufuli tangu tarehe 1 Desemba 2017; dukani kwao simu inatoka huru hata ukiichukua kwa mkataba. Uingereza nako makampuni yalikatazwa kuziuza Desemba 2021. Huku kwetu, Obama alisaini sheria ya kumruhusu mtu kufungua simu yake Agosti 2014, lakini "yake" inaanza deni likiisha. Kwa hiyo ukisikia mtu wa London anasema mkataba hauna shida, msikilize, ila ujue anaongelea London.

Sasa nije kwenye ushauri. Ndugu zangu mlioko huku, nunueni simu kwa hela taslimu, isiyo na kufuli. Najua utaniambia dola 800 utazitoa wapi. Mimi nimezitoa kwa kijumbe. Tuko kina mama kumi hapa Columbus, Watanzania, Wakongo na Msomali mmoja anayetushinda wote kwa kulipa mapema, kila mwezi dola mia. Zamu yangu iliangukia Oktoba 2025. Nikaenda, nikalipa Samsung Galaxy S25 yote kwa mkupuo, muuzaji akaniuliza kampuni gani, nikamjibu: "Hakuna." Nilisema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa. Ile raha sijui niielezeje. Kwa mwezi sasa nalipa dola 25 kwa kampuni ndogo inayopanga kwenye minara ya wakubwa, kama Mint Mobile inavyotumia minara ya T-Mobile, na simu inashika kule kule ilikokuwa inashika zamani. Namba yangu nilihama nayo.

Nilichagua Samsung kwa sababu ina kitundu cha laini. Hili lisikieni vizuri. iPhone za kuanzia 14 zinazouzwa Marekani hazina kitundu kabisa, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, isiyochomekwa. Umenunua taslimu, haina kufuli, umeifikisha kwa bibi yako Korogwe, halafu bibi anazungusha laini yake mkononi hajui aichomeke wapi. Eti aende akabadilishe iwe eSIM, bibi! Nunua simu kwa kumfikiria atakayeishika.

Mkataba sisemi ni haramu. Rafiki yangu ana watoto watatu wenye simu, hasafiri, hatumi simu nyumbani, na zile awamu hazina riba. Yeye ameitumia ofa ikamfaa. Lakini yeye alisoma ile tableti. Na wengi wetu hatukuingia pale kwa hesabu, tuliingia kwa kiherehere cha vya bure na cha kuonekana. Tuseme ukweli. Nani alinituma niwe na iPhone mbili na mshahara wa kuosha wazee? Nilitaka mashangazi wanione. Wakaniona. Tunaficha madeni kwenye boksi zuri, tunayapandisha ndege, tunawakabidhi wazazi wetu kama zawadi, halafu mzee wa watu anabaki anahojiwa na mafundi kama mwizi. Acheni. Nami nimeacha. Kama huna ya simu kubwa, tuma hela, anunue Tecno yake kule anakoijua, na fundi wake yuko jirani.

Na mlioko nyumbani msijione mmepona. Simu za kulipa kidogo kidogo zimeshaingia. Kenya Safaricom walianza Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa shilingi 20 za kule kwa siku. Kufuli lake ni la namna nyingine, linazima simu yenyewe ukichelewesha malipo. Ni nafuu kwa asiye na mtaji, sikatai. Ila zidisha kwanza. Chukua ile ya kila siku, zidisha kwa siku zote, kisha upite dukani uulize bei ya taslimu.

Kaka wa Mwanza, sasa wewe. Simu si ya wizi, kwa jinsi ninavyomsoma dada yako. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, shuka chini mpaka panapoandikwa habari ya kufuli la mtandao. Kama ipo huru itasema haina kizuizi cha laini. Yako itasema ina kizuizi. Usimpe fundi mwingine hata mia, kufuli hilo linafunguliwa na kampuni iliyoiuza, kwa ombi la mwenye akaunti. Mpigie dada yako umuulize bila kumbetulia midomo: bado unadaiwa simu hiyo? Kama deni limeisha, aombe, utasubiri siku chache, utaunganisha na wifi, laini itashika. Kama deni lipo, iweke kabatini. Na umwombe asiache kulipa kwa hasira, maana simu ikiingizwa kwenye orodha ya zilizozuiwa, hata ikifunguliwa baadaye utapata tabu nayo. Usimsute, tafadhali. Huenda na yeye kasaini kwa kidole.

Yangu mimi ilifunguka Julai 2025, malipo ya 36 yalipopita. Nilikuwa nimeshaomba, nikapata ujumbe asubuhi nikiwa kazini, nikatoka nje kwenye maegesho kumpigia mama, nafsi imejaa.

"Shikamoo mama. Ile simu imefunguliwa. Weka laini sasa."

"Marahaba. Simu ipi?"

"Ile niliyokuletea. iPhone."

"Aaa, ile ya katuni? Wanayo wajukuu, wanaangalia kwa wifi ya jirani. Imevunjika kioo."

"Kioo tutabadilisha mama. Weka laini."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anamuuliza mtu kitu, kisha akarudi. "Mwanangu, hiyo ina kitundu kimoja. M-Pesa yangu nitaiweka wapi, na Airtel Money ya kikundi nitaiweka wapi?"