Maswali ya Wasomaji: Kutembea wikendi ukiwa Freiburg

SWALI: Nimetoka Morogoro kuja Freiburg, Ujerumani, kwa muhula mmoja, Oktoba hadi Februari. Nataka kuzunguka wikendi, na Uswisi na Ufaransa ziko pua na mdomo. Fedha ni za kubana. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye tiketi. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoani na mijini Ujerumani nzima, ni yuro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, lakini kabla hujainunua uliza chuoni, maana vyuo vingi vina ya wanafunzi ya bei nafuu. Ya kawaida hujirudia yenyewe na benki hukatwa kila mwezi. Kuisitisha, mwisho ni tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Anayekumbuka Februari 15 atalipia na Machi, akiwa keshafika kwao.

Inakubaliwa kwenye treni za mkoa zenye herufi RE, RB na S, mabasi na tramu za mijini. ICE, IC na EC, yaani treni za haraka za masafa marefu, hazimo, hata treni yako ikichelewa. Wengi hunaswa hapo: treni mbili zinakwenda upande mmoja, ya haraka inatangulia kuingia, mtu anajitosa. Faini ya kutokuwa na tiketi halali huanzia yuro 60. Soma herufi ubaoni, si jina la mji peke yake. Soma pia kibao cha behewa lenyewe, kwani treni nyingine hukatwa vipande viwili njiani na kila kipande kikashika njia yake.

Kwa siku moja, panda treni ya bonde la Höllental kutoka Freiburg hadi Feldberg-Bärental, kituo kilicho mita 967 juu ya usawa wa bahari, kisha basi la kwenda mlima Feldberg (mita 1,493). Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ondoka asubuhi na ujue saa ya basi la mwisho kabla hujaanza kupanda. Viatu vya raba vya soli laini huko ni kujitafutia mguu uliovunjika.

Uswisi: tiketi inakufikisha Basel Badischer Bahnhof. Kituo kiko ndani ya Uswisi ila treni za mkoa za Ujerumani hufika hapo. Tramu za Basel unalipa mwenyewe. Zima data kabla ya mpaka: Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, na laini ya Kijerumani inaweza kukutoza pesa ambazo Ufaransa isingekutoza.

Ufaransa: shuka Kehl, mji wa Ujerumani ulio mpakani, vuka mto Rhine kwa miguu kwenye daraja la watembea kwa miguu, umeingia Strasbourg bila kununua tiketi nyingine.

Mpakani beba pasipoti halisi na kadi ya ukaazi au viza. Nakala haitoshi, na Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Viza ya muda mrefu au kadi ya ukaazi inakuruhusu nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zenye mkataba wa viza ya pamoja) siku 90 ndani ya kila siku 180. London haimo. Kabla ya kwenda huko au kurudi nyumbani Krismasi, tazama viza yako inaruhusu kuingia mara ngapi. Ikiwa ni mara moja, hutarudi darasani kwa viza hiyo.

Chakula nunua Jumamosi. Jumapili supamaketi hufungwa, isipokuwa baadhi zilizo kwenye stesheni kubwa, na bei zake huuma.