Muulize Fundi: Nimemfuata dada, mbona ukurasa wake mtupu?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hizi seva za mitandao ya kijamii zinazojiita za shirikisho, kama zile za programu ya Mastodon, ambapo kila seva ina mwenyewe lakini watu wake wanaweza kuwafuata wa seva nyingine, zinaelewana vipi, na nani kazilazimisha? Nimechagua nne. Wale wa nenosiri lililosahaulika nitawajibu pembeni.

*Shikamoo Fundi. Nimefungua akaunti ya Mastodon, ila si kwenye seva aliyopo dada yangu. Nimemfuata, amenikubali, lakini ukurasa wake kwangu hauna kitu, na najua ameandika humo kwa miaka. Halafu kuna chapisho lake ambalo mimi naona lina majibu mawili, yeye anaona tisa. Hizi seva zinashirikiana kweli au ni maneno tu? (Mdogo Mtu)*

Marahaba, Mdogo Mtu. Zinashirikiana, tena kwa adabu. Tatizo ni kwamba kila seva inajua kile ilicholetewa, basi.

Turudi pale ulipoandika anwani ya dada kwenye kisanduku cha kutafuta. Anwani hiyo ina jina na ina seva, kama ya baruapepe. Seva yako ilikwenda kwenye seva ya dada kwa njia iitwayo WebFinger, ikauliza: huyu mnaye? Ikapewa kipande kifupi cha JSON, yaani data iliyopangwa kwa maandishi, chenye kiungo cha wasifu wake. Ilipokifungua ikakuta jina, picha, ufunguo wa umma wa kuhakiki saini zake, na anwani ya kikasha chake cha kupokelea. Ulipobofya kitufe cha kufuata, seva yako ilidondosha humo ombi lililotiwa saini. Dada alipokubali, seva yake ikarudisha ujumbe wa kukubali na kukuingiza kwenye orodha ya wanaopelekewa. Ukiondoa muda wa kumngoja dada akubali, yote hayo huwa yamekwisha kabla hujainua kidole.

Tangu hapo kila anachoandika kinaletwa kwako. Vya nyuma havikuja kwa sababu hakuna aliyevituma: Mastodon haibebi historia ya mtu unapomfuata, isipokuwa machapisho aliyoyabandika juu ya wasifu wake. Ukitaka ya zamani, fungua ukurasa wake kwenye seva yake yenyewe. Yote ya hadharani yapo.

Majibu nayo yana safari zake. Mtu wa seva ya tatu akimjibu dada, jibu linakwenda kwa dada, na kwa seva za wale wanaomfuata huyo aliyejibu. Kama kwenye seva yako hakuna hata mmoja anayemfuata, huenda akakosekana wa kukuletea. Matoleo mapya ya Mastodon yameanza kwenda yenyewe kuyatafuta majibu yaliyokosekana, na mimi naona wamechelewa sana. Ni kwa sababu hiyo mtu akikosea herufi moja anasahihishwa na umati mzima, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza.

*Fundi, mambo? Ninaandika seva yangu ndogo kama zoezi. Nimesoma waraka wa ActivityPub, kiwango ambacho seva hizi hutumia kuongea, mwanzo hadi mwisho na nimeufuata. Nikituma chapisho kwenda Mastodon narudishiwa 401. Kiwango ni cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, sasa nani kavunja sheria? (Mwanafunzi wa Kompyuta)*

Poa. Hakuna aliyevunja. Waraka huo, ambao Christine Lemmer-Webber na Evan Prodromou ni miongoni mwa walioutunga, ulipitishwa rasmi Januari 2018, lakini haukulazimisha njia yoyote ya seva moja kujithibitisha kwa nyingine. Mahali hapo paliachwa wazi. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko mwaka 2016, ilikuwa imeanza kutumia ActivityPub tangu 2017, muhuri haujapigwa. Haikuweza kungoja, ikachukua rasimu iliyokuwepo ya saini za HTTP, yaani njia ya seva kutia saini kila ombi inalolituma. Waliokuja baadaye walitaka kuongea na Mastodon, kwa hiyo wakachukua rasimu ile ile. Saini za HTTP zilipokamilika mwaka 2024 na kuwa kiwango rasmi, RFC 9421, zilikuwa zimebadilika umbo, na seva nyingi zilikwishazoea ya kale.

Kwa hiyo 401 yako, yaani jibu la "sijakuthibitisha", ni ya saini. Mimi huanza na saa: kama saa ya seva yako imepotea mbali, tarehe uliyoitia saini inakataliwa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Kisha hakikisha umetuma muhtasari wa mwili wa ujumbe kwenye kichwa cha Digest na kuutia saini pamoja na tarehe na jina la seva unayoipelekea ujumbe. Halafu jaribu kuufungua ufunguo wako wa umma kutoka kwenye mashine nyingine, kwa sababu Mastodon itakwenda kuuchukua yenyewe. Ukiwa nyuma ya ukuta wa moto, umekwama. Na usisahau WebFinger. Waraka wa ActivityPub hauilazimishi, ila bila hiyo Mastodon haikutambui.

Ukweli wenyewe ni huu: nusu ya kiwango imo kwenye waraka na nusu nyingine imo ndani ya msimbo wa Mastodon. Hata kiolesura ambacho programu za simu hutumia kuongea na seva hakimo kwenye kiwango chochote. Ni cha Mastodon, na programu nyingine za seva kama GoToSocial na Pixelfed wamekiiga ili programu za simu zilizopo zifanye kazi kwao pia. Sioni ubaya wa kuiga. Kinachoniudhi ni kwamba Mastodon ikibadilisha kitu kidogo, mwandishi wa programu ndogo anagundua pale watumiaji wanapoanza kulalamika. Dawa iliyopo ni mapendekezo yaitwayo FEP, ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jinsi programu yake inavyofanya jambo fulani, ili wengine wafuate au wapinge. Hayana nguvu ya kumlazimisha mtu. Wewe ukishamaliza zoezi lako, andika ulichokigundua humo. Atakayekuja nyuma yako asiumie.

*Mwanangu Fundi, hujambo. Nasikia wasimamizi wengine wa seva wameizuia Threads, mtandao wa kampuni ya Meta, na wengine wameipokea. Kama kiwango ni huria, kumfungia mtu mlango si kuuvunja huo uhuria? Na wewe kwenye seva yako umefanyaje? (Mzee wa Redio)*

Sijambo mzee wangu, shikamoo. Uhuria wa kiwango ni kwamba yeyote anaweza kukisoma na kukitumia bila kuomba ruhusa. Kusikilizwa ni suala jingine. Mwaka 2019 Gab, mtandao wa kijamii uliokuwa ukishutumiwa kubeba maneno ya chuki, walihamia kwenye msimbo wa Mastodon, na seva nyingi ziliwazuia mara moja. Hakuna aliyewanyang'anya msimbo, na hakuna aliyelazimishwa kupokea ujumbe wao.

Kwa Threads hofu ni nyingine. Meta waliizindua Julai 2023, na Desemba wakaanza kujaribu kuiunganisha kwa ActivityPub. Wakongwe wakakumbuka Google Talk, huduma ya kuchati ya Google. Ilianza 2005 ikitumia XMPP, kiwango huria cha kuchati, na baadaye kidogo mtu mwenye seva yake ndogo akawa anaongea na marafiki wenye akaunti za Google. Mwaka 2013 Google wakaleta Hangouts, ambayo haikuunganishwa na seva za wengine. XMPP ipo hadi leo, lakini mwenye seva ndogo alibaki na orodha ya marafiki wasiopatikana. Hakuna kifungu cha kiwango chochote kinachomzuia mkubwa kuondoka.

Mimi niliwauliza wanachama wa seva yangu, wakagawanyika. Basi nikaiwekea Threads kikomo: machapisho yao hayaonekani kwenye ukumbi wa wazi, ila anayetaka kumfuata mtu wa huko anamfuata. Anayeizuia kabisa simlaumu. Ninachokataa ni kuwategemea: sitaki hata mtu mmoja ajiunge na seva yangu kwa sababu tu Threads inafikika.

*Rafiki zangu wako Bluesky, mimi niko Mastodon. Kuhama siwezi. Tufanyeje? (Mvivu wa Kuhama)*

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, hutumia itifaki yake, yaani kanuni zake za kuongea, iitwayo AT Protocol, na hiyo na ActivityPub hazielewani moja kwa moja. Kuna daraja liitwalo Bridgy Fed. Wewe ukiwa Mastodon mfuate @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, na subiri daraja likufuate pia. Ukilikubali, utaanza kuonekana upande wa pili. Rafiki zako wamfuate @ap.brid.gy wakiwa Bluesky. Lazima kila mtu ajiunge mwenyewe, kwa sababu mpango wa kwanza wa mwaka 2024 ulikuwa kuwavusha watu bila kuwauliza, na ukazua ugomvi mkubwa. Kwa hiyo rafiki ambaye hajajiunga akikujibu kule Bluesky, jibu lake halitakufikia. Mkumbushe kwa simu.