Nani alimbana Mfalme John?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Hapa Kiboriloni tumebishana: zamani mfalme wa Uingereza aliweza kufanya lolote alilotaka? – Muuza mitumba, Moshi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, ila kumbana kulihitaji panga. Mfalme John alipoteza Normandy, eneo lake huko Ufaransa, mwaka 1204, akawakamua mabaroni (wakuu wenye ardhi) fedha za vita, akashindwa tena 1214. Mwaka uliofuata mabaroni wakaasi, wakaingia London, na Juni mfalme akaukubali mkataba wa Magna Carta, wa kumwekea mipaka, pale Runnymede. Alipiga muhuri, hakutia sahihi. Wanafunzi wangu walikosea hapo kila mwaka! Kifungu cha 39 kilikataza kumfunga mtu huru bila hukumu ya wenzake au sheria ya nchi. Mtu huru, lakini. Wakulima wengi hawakuhesabiwa.

Mimi napenda cha 33: mitego ya samaki iondolewe mto Thames. Nimekulia Kibosho kwenye ugomvi wa mifereji, nakielewa kuliko vyote.

Kilichomuuma mfalme ni cha 61, mabaroni 25 kuruhusiwa kukamata ngome zake akikiuka. Agosti hiyohiyo Papa Innocent III akaufuta mkataba, vita vikazuka. John alikufa Oktoba 1216. Washauri wa mwanawe, mtoto wa miaka 9, wakautoa upya, bila kile cha 61.